Damu Hiyo Itapelekwa Wapi? Jinsi ya Kumchagua Msafishaji Baada ya Kifo Nyumbani

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wenye nyumba za kupangisha, walinzi wa ploti, wahudumu wa afya ya jamii na wazee wa Nyumba Kumi. Tumeyachapisha hapa kwa manufaa ya wakazi wote.

 

Nimeombwa nizungumzie jambo tusilopenda kulitaja, lakini huja bila kupiga hodi. Mtu amefariki ndani ya nyumba. Pengine amejitoa uhai, pengine ameuawa, pengine aliugua akiwa peke yake akapatikana baada ya siku kadhaa. Polisi wamekuja wakaandika. Mwili umepelekwa mochari. Majirani wameanza kuchanga pesa za mazishi. Lakini nyumba imebaki pale pale, na ndani yake godoro, pazia, sakafu na harufu. Ndipo mtu anauliza kwa sauti ya chini: sasa hii nani ataisafisha?

Mara nyingi anayesafisha ni yule asiyeweza kukataa. Anaitwa mama fua. Anaitwa kijana wa mjengo aliyekosa kibarua siku hiyo. Anaambiwa msichana wa kazi. Au mama mzazi wa marehemu anajifunga leso, anapiga magoti na kusugua damu ya mwanawe. Wote hao hupewa ndoo, sabuni ya unga na kitambaa. Jioni godoro linatupwa jalalani, maji yanamwagwa kwenye mtaro, na watu wanasema nyumba ni safi.

Nyumba hiyo si safi. Hatari imehamishwa tu, kutoka chumba kimoja hadi mahali ambapo mtoto wa mtu mwingine hucheza. Ndiyo maana leo nawaomba mwondoke hapa na swali moja, la kumuuliza yeyote anayekuja kusafisha: damu hiyo itapelekwa wapi? Anayefanya kazi hii kwa uaminifu atakuwa na jibu la moja kwa moja na karatasi za kulithibitisha. Asiye na jibu, hata awe na gari zuri na sare zinazong'aa, hafai kuingia nyumbani kwako.

Kabla hujamwita mtu yeyote

Mahali palipotokea kifo cha ghafla au cha kutatanisha ni mahali pa uchunguzi. Usifagie, usipige deki, usifue shuka, usitoe kisu wala chupa. Piga simu polisi kupitia 999 au 112, au nenda kituoni. Hakikisha habari imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na uchukue nambari ya OB. Kuharibu ushahidi ni kosa kwa sheria, hata kama nia yako ilikuwa kuwaondolea watoto maumivu ya kuona. Na familia nyingi hugundua baadaye kwamba kile walichokiosha ndicho kingewapa majibu.

Subiri mpaka afisa anayesimamia uchunguzi aseme wamemaliza. Muulize waziwazi: je, sasa tunaweza kusafisha? Andika jina lake, tarehe na saa. Kampuni nzuri ya usafishaji itakuuliza jambo hilo kabla ya kukuuliza bei. Ikiwa mtu yuko tayari kuanza kusugua kabla polisi hawajaruhusu, hiyo ni sababu tosha ya kumrudisha alikotoka.

Jambo la pili ni ugonjwa. Ikiwa marehemu alikuwa akiharisha na kutapika sana, au alikuwa na homa kali na kutokwa na damu, au mnashuku ugonjwa wa mlipuko, msitafute kampuni kwanza. Mwarifuni afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu, au pigeni nambari 719 ya Wizara ya Afya. Hapo kazi ya kutakasa nyumba ni ya idara ya afya, na kuna utaratibu wake.

Kwa nini damu si uchafu wa kawaida

Kuna watu husema, "Damu ikikauka haina neno." Si kweli. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza. Virusi vya UKIMWI hudhoofika haraka vikiwa nje ya mwili, lakini mtu akichomwa na sindano au kioo chenye damu mbichi, hatari ipo. Na mwili ukikaa siku kadhaa kabla ya kupatikana, majimaji yake hupenya godoro, zulia, mbao na nyufa za saruji. Hapo kufuta juu kunaacha tatizo chini.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba dawa ya klorini ikimwagwa juu ya damu nyingi hupoteza nguvu, kwa sababu nguvu yake hutumika kwenye damu yenyewe badala ya kuua viini. Msafishaji anayejua kazi huanza kwa kuinyonya damu na kuiondoa, kisha anatia dawa, kisha anaiacha ikae kwa muda unaotakiwa, kisha anaosha. Anayeingia na kunyunyiza manukato kwanza anaficha harufu. Siku ya jua kali itarudi.

Zaidi ya hayo, vitu vinavyonyonya havitakasiki. Godoro la sponji lililolowa damu halioshwi. Zulia nene halioshwi. Kochi la kitambaa halioshwi. Huondolewa na kuteketezwa. Sakafu ya vigae, saruji laini au chuma hutakasika vizuri. Sakafu ya mbao huenda ikahitaji kung'olewa vipande. Kwa nyumba ya udongo, tabaka la juu la udongo uliolowa huondolewa, kisha sakafu ikasilibwa upya.

Kiasi kidogo unaweza kukisafisha mwenyewe

Sisemi kila tone la damu linahitaji kampuni. Mtoto akianguka akatokwa na damu sakafuni, au mzee akitokwa na damu puani, mnaweza kufanya kazi hiyo nyumbani kwa njia salama.

Vaa glavu na viatu vilivyofunika mguu. Kama kuna vioo au sindano, usiokote kwa mkono, tumia koleo au kipande cha kadibodi. Funika damu kwa karatasi au kitambaa kinachonyonya, kisha ukiondoe na kukitia kwenye mfuko. Mimina dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5 na uiache dakika 10. Futa, kisha osha kwa maji na sabuni. Funga takataka kwenye mifuko miwili na uulize kituo cha afya kilicho karibu kama kitaipokea.

Kuipata asilimia 0.5 ni rahisi. Soma kwenye chupa ya dawa ya klorini uone nguvu yake. Gawanya nambari hiyo kwa 0.5, kisha utoe 1. Jibu ni vikombe vya maji vya kuchanganya na kikombe kimoja cha dawa. Chupa ikiandikwa asilimia 3.5, utapata 7, toa 1, inabaki 6. Basi ni kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Changanya ya kutosha siku hiyo tu, maana ikikaa hupungua nguvu.

Na tafadhali, usichanganye klorini na dawa ya kuoshea choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Hutoa gesi yenye sumu. Fungua madirisha kabla ya kuanza.

Ikiwa damu imeloa godoro au zulia, imepita chini ya mlango, imetapakaa ukutani, au mwili ulikaa kabla ya kupatikana, hiyo si kazi ya ndoo. Hapo tafuta watu wa kazi hiyo.

Maswali ya kumuuliza msafishaji

Mimi si daktari wala mwanasheria. Nilisomea uandishi wa habari, na jambo la kwanza tulilofunzwa ni kuuliza: nani, nini, vipi, kwa kiasi gani, wapi. Maswali hayo yanatosha kumpima msafishaji. Mkiwa na majonzi si rahisi kuyakumbuka, kwa hivyo mchagueni mtu mmoja wa familia au jirani aliyetulia, awe ndiye anayezungumza na kampuni.

La kwanza: ninyi ni nani? Omba jina kamili la biashara na nambari ya usajili. Kupitia eCitizen unaweza kuitafuta kampuni kwenye kumbukumbu za Huduma ya Usajili wa Biashara, na hati iitwayo CR12 huonyesha wakurugenzi wake. Omba kuona kibali cha biashara cha kaunti cha mwaka huu. Cheti cha kodi cha KRA huthibitishwa kwenye iTax. Hayo yote hayachukui hata siku nzima.

Hapa niseme jambo moja linalowapotosha wengi. Kampuni nyingi zinazojitangaza mitaani ni za kuua wadudu. Hizo hupewa leseni na Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, PCPB. Ni leseni halali, lakini ni ya kunguni, mende na mchwa. Haimpi mtu ruhusa ya kubeba taka zenye damu. Ukionyeshwa karatasi, isome imetolewa na nani na kwa kazi gani. Usitosheke na muhuri.

La pili: mtafanya nini, na vipi? Kampuni inayoaminika haitoi bei kwenye simu kabla ya kuuliza lolote. Itataka kuona mahali, au angalau kukuuliza: ni chumba kipi, sakafu ni ya nini, ilitokea lini, polisi wamemaliza, kuna watoto au wagonjwa ndani? Kisha itakuandikia kazi yote: nini kitaondolewa, nini kitatakaswa, dawa gani itatumika, itachukua siku ngapi, na ni nani atakagua mwishoni. Muulize pia: mkikuta sehemu ya mwili mtafanyaje? Jibu sahihi ni kwamba kazi inasimama na polisi wanaitwa. Hakuna jibu lingine.

La tatu: wafanyakazi wenu wanalindwaje? Hili si la kuwaachia wao wenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Basi uone kwa macho yako: glavu nzito juu ya glavu nyepesi, gambuti, aproni au ovaroli isiyopitisha maji, barakoa, miwani ya kukinga macho, na kisanduku kigumu cha kutilia sindano na vioo. Uliza kama wamepata chanjo ya homa ya ini ya B, ambayo hutolewa kwa dozi 3. Uliza bima ya wafanyakazi chini ya sheria ya fidia inayojulikana kama WIBA, ya mwaka huo huo wa 2007. Kijana akichomwa na kioo nyumbani kwako na hana bima, mzozo utabisha mlango wako.

Na yeyote akichomwa, iwe ni mfanyakazi wa kampuni au mama fua, aoshe jeraha kwa maji na sabuni na akimbie kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Asisubiri matanga yaishe.

La nne: ni pesa ngapi, na zinalipwa vipi? Tafuta bei kutoka kwa kampuni mbili au tatu kama zipo. Kila moja iandike mchanganuo: kazi, dawa, usafiri, uteketezaji wa taka. Bei ya mkupuo isiyo na maelezo ndiyo huzaa "kuna kitu tumekuta, ongeza kidogo" kazi ikiwa nusu. Usilipe yote mwanzoni. Lipa sehemu, na salio libaki mpaka upate karatasi nitakayoitaja sasa hivi. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwenye nambari ya biashara, na kabla ya kuthibitisha soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu binafsi asiyehusika na kampuni uliyoikagua, simama. Dai risiti ya eTIMS.

La tano, na ndilo kubwa: taka zitapelekwa wapi?

Safari ya mfuko mwekundu

Katika hospitali zetu, taka za kawaida hutiwa kwenye mfuko mweusi, taka zenye maambukizi kwenye mfuko wa njano, na zile za hatari zaidi, kama vile sehemu za mwili, kwenye mfuko mwekundu. Vitu vyenye makali hutiwa kwenye kisanduku kigumu. Godoro lililolowa damu ya mtu halistahili njia tofauti kwa sababu tu limetoka nyumba ya kupangisha na si wodini.

Anayebeba taka za namna hiyo barabarani anahitaji leseni ya NEMA ya kusafirisha taka, chini ya sheria ya mazingira iitwayo EMCA. Iombe uione. Linganisha nambari ya gari kwenye leseni na nambari ya gari lililoegeshwa nje. Tazama tarehe, maana leseni huisha muda. Ukiwa na shaka, afisi ya NEMA katika kaunti itakuthibitishia. Kama kampuni yenyewe haisafirishi, inaweza kuwa na mkataba na anayesafirisha. Hakuna ubaya, mradi ikuonyeshe mkataba huo.

Kila shehena inapaswa kusafiri na hati ya ufuatiliaji. Hati hiyo huonyesha taka zimetoka wapi, ni za aina gani, ni kiasi gani, nani amezibeba na nani amezipokea. Mwisho wa safari ni tanuri la kuteketeza taka au mtambo wa kuzitakasa wenye leseni. Aliyezipokea hutia sahihi.

Kwa hivyo fanya mambo manne. Hesabu mifuko inayotoka mlangoni na uandike idadi. Andika nambari ya gari, tarehe na saa. Baki na nakala ya hati yenye idadi hiyo. Na usilipe salio mpaka uletewe nakala iliyotiwa sahihi na muhuri wa kule zilikoteketezwa. Mifuko 9 iliyotoka kwako iwe mifuko 9 iliyofika. Ikiwa imefika 5, zile 4 ziko mahali fulani katika kaunti yetu.

Mahali gani? Mnapajua. Ni jalala la nyuma ya soko. Ni korongo la mto ambao watu wa chini huteka maji. Ni kando ya barabara usiku. Na wanaofika hapo kwanza, kabla ya gari la kaunti, ni waokota chupa na vyuma wasio na glavu, na watoto wanaotafuta kitu cha kuchezea. Godoro la sponji hupendwa. Huchanwa, huanikwa, hushonwa upya na kuuzwa kama la kulalia. Mtu mwingine analala juu ya kifo cha mtu wako bila kujua. Hiyo ndiyo bei halisi ya msafishaji wa bei rahisi.

Msilichome uani pia. Moshi wa sponji una sumu na unaingia kwa jirani. Wala msilitupe chooni au kisimani kusikotumika. Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo ni ya jirani yako kama ilivyo yako.

Dalili za kukukimbiza

Mwangalie anayefika kabla hujamwita. Kuna watu hupata habari za msiba upesi kuliko jamaa wa marehemu na kuja na kadi mkononi. Mwambie asante, atapigiwa. Mkimbie anayesema leo ni nusu bei lakini kesho itapanda. Mkimbie anayewatisha familia kwamba wote wataugua wasipolipa saa hiyo. Mkimbie anayedai ametumwa na polisi au na kaunti, mpaka umepiga simu ukathibitisha. Mkimbie anayekataa kuandika chochote. Na anayekuambia "usijali taka, hizo tuachie sisi", huyo ndiye wa kukimbia kwa kasi zaidi.

Siri na heshima

Nyumba ya msiba ina mambo yake. Ndani mna barua, picha, kitambulisho, hati ya shamba, pesa zilizofichwa chini ya godoro. Kabla kitu hakijatoka, mtu wa familia na msimamizi wa kampuni waandike orodha ya vitu vinavyohifadhiwa, na wote watie sahihi. Karatasi na picha nyingi zinaweza kuokolewa zikishikwa na mtu anayejua.

Andikeni kwenye mkataba kwamba hakuna picha itakayopigwa kwa ajili ya matangazo, wala video ya simu ya kutumiana. Majina yenu, nambari zenu za simu na mahali mnapoishi ni taarifa zenu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Kampuni nzuri huja bila kelele, na hata majirani hawaambiwi kilichotokea.

Wapo watakaotaka sheikh, pasta au wazee waje kuiombea nyumba au kufanya mila zao. Fanyeni, ni haki yenu. Lakini mfuatano uwe huu: polisi wamalize, usafi wa kiafya ukamilike, kisha watu waingie wakae chini na kuomba. Maombi hayaondoi damu kwenye zulia, na klorini haiondoi huzuni moyoni. Kila moja ina kazi yake.

Nani atalipa?

Hapa ndipo mwenye nyumba na familia ya mpangaji hugombana, maiti ikiwa bado mochari. Someni mkataba wa upangaji kabla ya kurushiana maneno. Kama nyumba ina bima, mpigie wakala aulizwe kama gharama hii inalipwa, na piga picha za uharibifu kwa ajili ya dai hilo peke yake. Wenye nyumba, nawaomba sana: msikae na deposti ya marehemu kimyakimya mkisema mtasafishia. Iandikeni, mwonyeshe risiti, mrudishe kinachobaki. Na msiipangishe tena mpaka mmeshika ile karatasi ya uteketezaji. Mpangaji mpya ana watoto wanaotambaa.

Ni vyema pia kuzungumza mapema. Kwenye mkutano wa ploti, ongezeni kipengele kimoja: likitokea jambo kama hili, nani ataita, nani atalipa kwanza, nambari zipi zitapigwa. Kujiandaa si kuita balaa.

Kama hakuna kampuni karibu

Wako wakazi wetu walio mbali na mji, na wako wasio na pesa za kampuni. Msikate tamaa, na msimwite mama fua kwa sababu hiyo. Nendeni kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, naye atawaunganisha na afisa wa afya ya umma. Mwombeni afisa huyo aje aone na awaelekeze namna ya kutakasa na namna ya kuvaa. Mwulizeni ni hospitali gani yenye tanuri inayoweza kupokea taka zenu. Na kama pesa za mchango zinakusanywa, sehemu yake itengwe kwa kazi hii. Tunanunua jeneza zuri na kukodi mahema, kisha tunamwachia mjane asugue sakafu. Haifai.

Wale waliokwisha kufanya kazi hiyo kwa mikono mitupu, msione haya kwenda kupimwa. Mwambieni daktari ukweli wote. Na wale ambao macho yao yameona wasichoweza kukisahau, wakawa hawalali wala hawali, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199, na kuna wanaosikiliza.

Bwana Chifu, nimalizie hapo ili maswali yaanze. Wahudumu wa afya ya jamii walioketi mbele wana karatasi yenye maswali yale matano. Kila mlinzi wa ploti achukue moja, aibandike nyuma ya mlango wa stoo penye ndoo na madekio, ionekane siku itakapohitajika.